Picha ya Nikola na Jumapili ya Kusameheana
"Kijiji kizima hakuna anayesamehe kama mimi," Glafira alipenda kujisifu, kisha akajiumbua mwenyewe: "hasa waliokwisha kufa. Walio hai wananipa shida kidogo."

Leo aliyempa shida alikuwa jirani yake Ustinya, aliyepiga magoti mlangoni, theluji ikimyeyukia mabegani. Kesho Mfungo Mkuu wa kabla ya Pasaka unaanza, na kila nyumba watu walikuwa wakiinamiana. Unaomba msamaha, unajibiwa, "Mungu atasamehe, nami nakusamehe," mnabusiana, mnakula chapati za mwisho zenye siagi. Kosa haliulizwi. Na ukishasamehe, huna haki ya kudai tena.

Hapo ndipo Glafira alipokwama. Tangu juzi picha ya Mtakatifu Nikola, ambayo mbele yake alimwombea mwanawe Mitrofani aliyeko vitani, haikuwapo ukutani. Akitamka yale maneno, picha ndiyo imekwenda. Asipoyatamka, ataufungaje mfungo na kinyongo, na sala ya mwenye kinyongo itamfikisha wapi Mitrofani?

Tena Ustinya kainama mpaka paji la uso limegonga sakafu. Mwaka jana alitikisa kichwa tu, kama farasi anayefukuza nzi.

"Nisamehe, jirani."

"Kwa lipi?"

"Ala! Tangu lini watu wanauliza? Kwa yote."

"Yote ni mengi, shoga. Nitajie moja tu."

"Mungu anajua."

"Yeye anajua, mimi ndiye sijui. Nikola wangu yuko wapi?"

"Mimi tena! Picha yako sijaigusa. Muulize paka wako, labda kaenda nayo kuungama."

Glafira akacheka, akamketisha, akamwekea chapati ya moto inayochuruzika siagi. Anayetafuna hujisahau.

"Basi yaishe. Roho inaniuma tu. Mitrofani hana wa kumwombea ila mimi."

"Na mwanangu Yefimu je?" Ustinya alifoka, mdomo umejaa, machozi yanamtoka. "Si yuko kwenye vita hivyo hivyo? Ndiyo sala gani hiyo, 'mrudishe wangu kwanza'? Mtakatifu naye unampangia foleni?"

Aibu ilimchoma Glafira mpaka masikioni. Hata hivyo akaweka kijiko chini, polepole.

"Hilo la 'kwanza' hata padri sijamwambia. Nililiandika kwa mkaa nyuma ya picha, upande unaotazama ukuta."

Ustinya akaacha kutafuna.

"Ulinisimulia mwenyewe. Wiki ile, pale kisimani."

"Kisima kimeganda tangu Novemba, Ustinya. Na mimi nimeandika Jumatano hii."