Gari Lililomleta Theresia

Anselmo alikuwa na mdomo, na mdomo ndio uliomponza. Alhamisi ile, siku mbili kabla ya harusi ya binti yake, Lennart, jirani yake wa gereji pale Jakobsberg, pembezoni mwa Stockholm, alikuja tena kuliulizia gari. Alikuwa analiulizia tangu theluji ilipoyeyuka, na kila akija bei imepanda: kroni laki nne, laki tano, sasa laki sita na nusu.

"Uza tu," Lennart akamwambia. "Mustang ya mwaka sitini na tisa inataka mtu wa kuiweza. Hii yako haifiki hata Vällingby."

"Jumamosi linampeleka Theresia kanisani, huko huko Vällingby," Anselmo akajibu, kifua mbele. "Likishindwa kumfikisha, Jumatatu njoo na hela zako ulichukue."

Lennart akanyoosha mkono, wakashikana. Na ukishashikana mkono na Mswidi, ndugu yangu, hesabu umeshaweka sahihi.

Gari lenyewe si la hivi hivi. Anselmo alitoka Tanzania kijana mbichi, kaja kusomea kuchomelea vyuma, na jioni za kiangazi alikuwa anasimama pembeni ya barabara ya Sveavägen kuwatazama vijana wa Kiswidi, nywele zimepakwa mafuta, wakipita polepole ndani ya magari makubwa ya Kimarekani, vioo vimeshushwa, injini zinanguruma hadi unazisikia mbavuni. Hakuna hata mmoja aliyempa lifti. Akajiapia. Mwaka tisini na tatu akanunua lake kwa kroni elfu thelathini na tano, kwa mkulima aliyekuwa anafugia kuku ndani. Wenzake wakamcheka wee: mtu mzima kanunua banda la kuku! Leo hao hao waliocheka ndio wanaomshauri auze, maana kabureta tu, ambayo zamani ungepewa bure na kikombe cha kahawa juu yake, siku hizi inakula mshahara wa mwezi mzima.

Lakini Anselmo hakuling'ang'ania kwa ajili ya bei. Marehemu mkewe, Benedicta, alitoka nalo hospitali, Theresia mchanga kifuani, wamekaa kiti cha nyuma. Siku hiyo alisema: "Baba Theresia, gari lililomleta ndilo litakalompeleka." Hakujaliwa kuishi aone. Ndiyo maana kamati ya harusi ilipouliza nani atatoa gari la bibi harusi, Anselmo alisimama kabla mwenyekiti hajamaliza swali.

Kwenye kikao hicho hicho Firmin, baba yake bwana harusi Aristide, Mkongo aliyetengeneza malori Bukavu nusu ya maisha yake, alimsogelea kwa upole. "Mkwe, nikuje nitazame ile moteur?"

Anselmo akakataa injini yake isiguswe. Thubutu! Mtu uliyemtajia mahari mezani, akatoa bila kunung'unika, leo umwite alale chini ya gari lako akuombe spana? Heshima ya ukweni itabaki wapi?

Basi akamaliza matengenezo peke yake. Gari likapita ukaguzi, na angeishia hapo ingekuwa heri. Lakini Ijumaa macho yake yakaangukia kifuniko cha tanki, kimeliwa na kutu. Akakitupa. Akafunga kipya kilichoagizwa Marekani, kinang'aa, kina alama ya farasi, kinabana kweli kweli. Akarudi nyuma hatua tatu, akakitazama, akajipongeza.

Jumamosi gari liliitika kwa ufunguo wa kwanza, mtaa mzima ukatoka. Theresia akakaa pale pale alipokaa mamaye, shela limemfunika mapajani, wakaondoka kwa vigelegele. Anselmo alikuwa analia na kucheka kwa mpigo, wala hakuona haya.

Dakika kumi na mbili baadaye gari likakohoa. Likakohoa tena, likazima. Kilomita mbili tu zimebaki!

Anselmo akavua koti, akafungua boneti. Akagusa waya, akagonga kabureta, akamwomba Mungu, akalitukana gari, akamwomba Mungu msamaha. Wapi! Jasho likaingia kwenye kola ya shati jipya.

"Pappa," Theresia akaita, "vi tar en taxi."

Neno teksi likamchoma. Theresia akamwona usoni, akahamia Kiswahili, jambo analofanya kwa nadra. "Basi mwite baba yake Aristide. Mama angemwita zamani."

Kweli tupu. Benedicta hakuwa mtu wa maringo. Anselmo akapiga simu, na sauti ilimtoka ndogo: "Mkwe, nimeshindwa. Nakuomba unisaidie."

Firmin alikuwa njiani kupeleka chakula ukumbini, na mkewe Madeleine kakaa katikati ya masufuria. Alipofika hakugusa boneti. Alizunguka nyuma, akafungua kile kifuniko kinachong'aa. Tanki likavuta pumzi ndefu: fyuuu!

Mzee wa watu akacheka mpaka akashika kiuno. "Moteur iko muzima, mkwe. Tanki ndiyo inakosa pumuzi. Hii kifuniko haina tundu. Essence, ile mafuta, inatoka, hewa haiingie, mwisho inagoma. Barabara ya Uvira ilitufundisha hiyo. Ile ya zamani iko wapi?"

"Nimekitupa."

"Aa, mkwe!" Akageuka. "Madeleine, leta hindi moja!"

Madeleine, na kitenge chake cha harusi, akalipukuchua hindi la kuchemsha kwa meno, chap chap, akampa mumewe gunzi. Firmin akalifuta likakauka, akalizungushia leso yake nyeupe, akalichomeka kwenye mdomo wa tanki bila kulibana, hewa ipate kupenya, akalipiga kofi. "Endesha."

Likanguruma! Likanguruma hadi kanisani bila kukohoa hata mara moja. Lennart alikuwa amesimama ngazini, anatazama saa. Alimwona Theresia akishuka, akashusha pumzi. Kisha akazunguka nyuma ya gari, akainama kulikagua lile gunzi. Alipoinuka, alimpa Anselmo mkono, halafu akampa Firmin mkono mrefu zaidi.

Misa ilipokwisha, Anselmo akamtafuta Firmin katikati ya watu, akamtia ufunguo kiganjani. "Wapeleke wewe ukumbini, mkwe. Mimi nitakaa pembeni yako."

Maharusi wakaingia nyuma. Anselmo akakaa mbele, akashusha kioo, akatoa kiwiko nje. Firmin akakanyaga mafuta, mbavu zikatetemeka.

"Laki saba!" Lennart akapaza sauti.

Anselmo hakumsikia. Miaka karibu arobaini Stockholm, na leo ndiyo kwanza kapewa lifti ndani ya gari la Kimarekani.