Mstari wa Kandambili

Bibi Lukresia alifagia uwanja wake wa Kamunyonge jua likiwa bado halijachomoza. Siku hiyo alifagia kwa madaha, maana wageni walikuwa wanatoka Butiama kuja kumposea kijana wao Magesa mjukuu wake, Wankyo. Alipomaliza, Wankyo akavuka uwanja na ndoo kwenda bombani. Bibi akatazama nyayo. Mguu wa kulia ulipiga chapa safi. Wa kushoto ulichora mstari, kandambili ikiburutwa mchangani.

Akainama kuutazama vizuri.

Wankyo alikuwa na ugonjwa wa neva uitwao MS, uliogunduliwa Mwanza mwaka juzi, jicho lake moja lilipoingia ukungu. Daktari aliwaeleza kwa mfano wa waya wa umeme: kinga ya mwili inatafuna ule mpira wa nje, habari za ubongo zinafika mguuni zimekatikakatika. Akawaonya. Joto au homa huamsha dalili za zamani, mwili ukipoa zinatulia. Lakini ikija dalili mpya, au ya zamani ikazidi, ikakaa mchana na usiku bila homa, basi ugonjwa umerudi, wasisubiri.

Juzi Wankyo alishinda akianika dagaa juani, mguu ukawa mzito. Bibi akamfunika khanga mbichi, akasema ni jua, akaenda kulala ameridhika.

"Mke mwenza, simama hapo!"

"Bibi, asubuhi yote hii utani?"

"Mguu huo tangu juzi haujapoa?"

"Ni jua tu. Si wewe mwenyewe ulisema?"

"Nilisema. Sasa jua liko wapi? Upepo huu wa ziwani hata meno yangu mawili yanagongana." Akamgusa paji la uso, halikuwa na joto. "Nilikuwaga nikikufunika khanga unaamka mzima. Leo hapana."

Wankyo akatua ndoo, machozi yakimlengalenga. "Bibi, leo ni mimi wa kuwanawisha wageni. Nikiburuta mguu mbele ya mama yake Magesa, watarudi na ng'ombe zao."

"Na mguu ukigoma kabisa, utawanawisha umekaa kitandani? Wageni wana mikono, watanawa wenyewe. Vaa viatu."

Hospitalini walimpima homa, malaria na mkojo, isije ikawa maambukizi mengine yanauchokoza mguu. Hakukuwa na kitu. Daktari wa Mwanza akapigiwa simu, akasema, "Mleteni leo."

Basi lilipokaribia Bunda, simu ya Bibi ikaita. Alikuwa Magesa.

"Bibi, mmetukimbia?"

"Tumekukimbia, ndiyo. Mchumba wako mguu umegoma, tunaupeleka Mwanza."

Akasikika akimweleza mama yake, kisha akarudi simuni. "Nawafuata na gari linalofuata. Mama anasema ng'ombe hawana haraka."

Wankyo akaegemea bega la bibi yake, akacheka na kulia kwa pamoja.

Alitundikiwa dripu za kutuliza uvimbe kwenye neva, akarudi Kamunyonge kujifunza kutembea taratibu. Mvua zilipokaribia, wageni wakaja tena. Wankyo akavuka uwanja na birika la maji, akamnawisha mama yake Magesa, na yule mama akaishika mikono yake, hakuiachia upesi.

Walipoondoka, Bibi akainama tena. Mstari ulikuwepo bado, mfupi, karibu na mlango tu, pale binti alipoanza kuchoka.

Akauacha bila kuufagia, apate kuulinganisha na wa kesho.