Kadi za Baba Mkwe

Jina la baba mkwe wangu sikutajii, usijisumbue kuuliza. Kwetu Wandali mke hamtaji baba wa mumewe, wala hakai naye uso kwa uso. Sasa mzee alipopona upasuaji, ukoo ukaamua kufanya ibada ya shukrani kule Isongole, na kadi mia na ishirini azichape nani? Mimi, Atuganile, eti kwa sababu nina duka la kuchapa hapa Tunduma. Jina lake likae katikati, kwa herufi kubwa. Nilikasirika, ila kimoyomoyo.

Nikaandika skripti fupi, yaani maagizo ya kompyuta, yenye kisanduku nilichokiita MZEE; alama ya $ mbele ya jina hilo ndiyo huiambia kompyuta ikifungue. Skripti inauliza jina mara moja, inalitia kisandukuni, kisha inalipachika kwenye kila kadi. Shemeji yangu Yonasi angekuja kuliandika, mwiko wangu ukabaki salama.

Nikaijaribu kwa jina la Fulani. Ikatoka kadi: “Karibuni kwenye shukrani ya $MZEE.” Uzembe wangu huo. Sentensi nilikuwa nimeizungushia nukuu za mkato mmoja mmoja, na ndani ya nukuu hizo, kompyuta haifungui kisanduku, inanakili tu ulichoandika. Nikaweka za mikato miwili, Fulani akatokea.

Gari la Isongole linaondoka saa nane. Saa saba na nusu Yonasi haonekani, simu hapokei. Mara nikasikia mlangoni kikohozi ninachokijua. Nikageukia ukuta, nikaamkia huko huko.

“Marahaba. Yonasi pikipiki imemharibikia,” alisema baba mkwe. “Jina naandika wapi?”

“Hapo panapowakawaka, baba. Ukimaliza bonyeza kile kitufe kikubwa cha kulia.”

Nikatokea mlango wa nyuma, nikasimama kwenye madumu ya maji. Nilisikia kidole kimoja kikitafuta herufi, taratibu, muda mrefu kuliko jina lake linavyohitaji. Kisha printa ikaanza kunguruma.

Niliporudi alikuwa ameshaondoka. Niliogopa kutazama, lakini kadi utazifungaje bila kuziona? Nikachukua ya juu.

“Karibuni kwenye shukrani ya Baba Atuganile.”

Ana watoto sita wa kuzaa, na hakumwandika hata mmoja. Machozi yalinitoka. Nikabeba boksi mbio hadi kwenye gari.

“Za nani hizi?” dereva akauliza.

“Za Baba Atuganile,” nikasema, kwa sauti, stendi nzima isikie.

“Ndiye nani huyo?”

“Baba yangu.”