Chupa ya Nne

Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni kutafuta mafaili yaliyopotezwa na watu wenye vyeo kuliko mimi. Na kwa kuwa mshahara wenyewe ukifika nyumbani huwa umeshachoka, natengeneza dawa ya madoa, ile kali ya kung'arishia nguo nyeupe. Naichanganya jikoni jioni, asubuhi naipeleka kazini, wenzangu wananunua. Mama Stempu, tunayekaa naye meza moja, hunionya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mimi humjibu kwamba mshika moja hulala njaa. Nina mdomo, sikatai.

Tatizo ni mkuu wetu. Tunamwita Bwana Memo kwa sababu hata choo kikiziba huandika waraka. Alishanikuta mara moja na katoni ya dawa chini ya meza, akanipa barua ya onyo: nikishikwa tena nafanya biashara ofisini, kazi sina. Basi nikajitia ujanja. Nikawa naijaza dawa kwenye chupa za maji ya kunywa, lebo zake zikiwa bado zimebandikwa. Nani atamshuku karani mwenye chupa ya maji? Ili nisichanganye, nilifunga uzi mwekundu kwenye shingo ya kila chupa ya dawa.

Siku moja uzi uliisha. Duka lilikuwa limefungwa, nami nilikuwa nimechoka hoi. Nikajiambia, dawa kushoto mwa meza, maji ya mtoto kulia, akili si ninayo?

Jioni hiyohiyo niligombana na mume wangu. Nilimwambia nyumba hii naibeba peke yangu, kwamba hata mfuko wa mtoto hajawahi kuufunga tangu aanze shule. Yeye ni dereva wa lori, mtu mpole, akaenda zake kulala. Asubuhi nilipokuwa naoga alifuta meza, akapanga chupa zote mstari mmoja, akatia moja kwenye mfuko wa binti yetu, akampeleka shule. Nilitoka bafuni nikakuta kila kitu tayari. Nilifurahi mpaka nikaimba. Nikabeba chupa nne zilizobaki, nikaenda zangu kazini.

Saa tatu na nusu Mama Stempu alifungua chupa yake ili ainuse, kama kawaida yake.

"Shoga, leo umeniuzia maji?"

"Acha utani."

"Onja mwenyewe."

Nilinusa, hainuki. Nikagusisha ncha ya ulimi. Maji matupu. Nikafungua zile tatu nilizozificha kwenye boksi la mafaili, moja baada ya nyingine. Dawa. Dawa. Dawa.

Dawa niliyotengeneza jana ilijaa chupa nne.

Binti yangu ana miaka sita. Mapumziko yao ni saa nne kamili, na ninavyomjua, atakimbia uwanjani mpaka koo limkauke, kisha anywe kwa pupa bila kupumua. Harufu isingemwokoa. Nyumba yetu yote inanuka ile dawa, mapazia, mito, hata vidole vyangu ninapomsuka nywele. Ameizoea kuliko marashi.

Nilipiga simu shuleni, ikaita mpaka ikakatika. Nikarudia, vilevile. Nikampigia mume wangu, yuko njiani, simu imezimwa. Shule si mbali, lakini mlinzi wa geti la ofisi haruhusu mtu kutoka bila karatasi yenye saini ya Bwana Memo. Nikaingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Mkuu, naomba ruhusa. Mama yangu mzazi amezidiwa."

Akainua macho taratibu. "Mama yako alizidiwa pia mwezi uliopita."

"Amezidiwa tena."

"Andika barua. Ipitie kwa afisa utumishi."

Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi na tisa kabla ya saa nne. Nami, Mungu anisamehe, sikusema kweli. Nilisimama pale nikitafuta uongo mwingine ulio bora zaidi. Mwanangu ana sumu mfukoni, na mimi naogopa kufukuzwa kazi. Dakika nzima ilipita hivyo. Sijawahi kujiogopa kama nilivyojiogopa dakika ile.

"Mkuu," nikasema, "nimempa mtoto wangu dawa ya madoa kwenye chupa ya maji. Ameenda nayo shule. Ninaiuza humu ofisini kila siku."

Bwana Memo aliitazama chupa ya maji iliyokuwa mezani kwake. Akaisukuma mbali kwa kidole kimoja. Kisha akachukua funguo za gari lake.

"Twende," akasema.

Aliendesha kwa kasi. Kwenye makutano ya barabara magari yalikuwa yamesimama, naye akapanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, mtu ambaye huandika waraka ukiegesha baiskeli vibaya. Nilikuwa nahesabu dakika na kuomba, nachanganya maneno, naahidi mambo nisiyoweza. Tulipoingia langoni nikasikia kelele za watoto, nikajua kengele imeshalia.

Uwanja ulijaa sare za aina moja. Nilimwita jina mpaka sauti ikakwama. Bwana Memo ndiye aliyemwona kwanza, kwa sababu mtoto alikuwa peke yake. Alikaa kwenye ngazi ya darasa, mfuko mapajani, ameukumbatia kwa mikono yote miwili. Nikaufungua. Chupa ilikuwa imefika nusu.

Nilimshika mashavu. Midomo yake ilikuwa myekundu, imevimba kidogo.

"Umekunywa? Niambie, umekunywa?"

"Nilionja tu. Uliniwaka ulimi, nikatema. Nyingine ilimwagika."

Bwana Memo alichuchumaa, akauliza kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Mbona hukumwambia mwalimu? Angekupa maji usukutue."

Binti yangu alinitazama mimi kwanza, kisha akanivuta sikio, akaninong'oneza.

"Nilijua ni zile chupa zako za siri. Mwalimu aliniuliza kwa nini nalia. Aliniuliza mara tatu, mama. Nikasema nimejing'ata."

Bwana Memo alikuwa amesimama tayari, anasema tuwahi hospitali. Mtoto hakuinuka. Alibaki akinitazama usoni, machozi hayajakauka, akingoja nimsifu.