Vibati vya Fimbo Fupi

Eckhard alitandaza ramani ya milima ya Harz juu ya meza yangu ya jikoni, akaikandamiza pembe moja kwa sahani ya keki ya plamu, akaanza kunipangia fungate. Tutoke hapa Braunschweig kwa treni hadi Goslar. Kutoka pale ni miguu, polepole, kijiji hadi kijiji, mizigo ikitangulia kwa gari. Mchana tule mikate yetu kando ya maji, jioni supu na kitanda safi. Hakuna kukimbizana.

"Treseburg tulale siku mbili," alisema. "Mto unapita chini ya dirisha kabisa. Halafu ukipanda kidogo nyuma ya kanisa kuna benchi. Ukikaa pale unaliona bonde lote."

"Kumbe ulishafika."

"Mimi? Sijawahi kuvuka Goslar maisha yangu yote."

Nikamkatia kipande kingine cha keki, nikasimama dirishani kumimina kahawa. Yeye akainuka na futi yake ya chuma, akawa anapimapima nyuma yangu. Alisema anataka kunitengenezea rafu. Mimi nilikuwa bado kwenye benchi la Treseburg. Mtu asiyewahi kufika mahali anajuaje pa kukaa?

Msinione mchawi. Mimi ni dobi, duka langu liko kona ya pili kutoka nyumbani, na kazi ya dobi huanzia mifukoni. Kabla koti halijaingia kwenye mashine, mkono wangu unalitangulia. Nimetoa humo meno ya bandia, pete zilizovuliwa, soksi ya mtoto ambaye mama wa nyumba hamjui. Na kwenye koti la Gerold, mume wangu wa kwanza, nilitoa ufunguo wa chumba cha hoteli ya Bad Harzburg, mji alioniapia kwamba hajawahi kuukanyaga. Leo anaishi Hannover na huyo aliyelala naye kule. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "sijawahi", masikio yananisimama yenyewe.

Eckhard nilimpenda, niseme wazi. Alikuwa mwalimu wa udereva mstaafu, mjane, mrefu kama mlingoti, mtu wa kucheka taratibu. Tulikuwa tumeshapanga siku kwa msajili wa ndoa. Lakini nilikuwa nimejiapiza: kudanganywa mara moja kulinitosha, na kuliko kudanganywa mara ya pili, heri nizeeke na mashine zangu za kufulia.

Basi nikaanza kumchunga. Kila Jumapili asubuhi alikuwa anapotea. Nikimuuliza, anasema alikwenda kunyoosha miguu. Kutoka huko miguu inakonyooshwa, alirudi ananukia soseji za kuchoma na dawa ya kung'arishia vyuma, uso umechangamka. Nikamweleza binti yangu Wiebke kwa simu.

"Mama, mzee wa watu yule," Wiebke alicheka. "Goti lenyewe linalia kama bawaba. Atakimbilia kwa nani?"

"Gerold naye alikuwa anaumwa mgongo."

"Basi mwulize."

"Nikimwuliza ataniambia."

"Si ndiyo maana ya kuuliza?"

"Ataniambia anachotaka yeye," nilisema, nikakata simu.

Alhamisi kabla ya ndoa Eckhard alikwenda kuchukua suti yake kwa fundi, akaniachia funguo nimtolee chupa za jemu kwenye stoo yake ya chini. Nyuma ya baiskeli, ndani ya blanketi, nikakuta fimbo ya kutembelea. Imepigiliwa vibati kuanzia juu hadi karibu na ncha.

Wa kwetu hana haja ya kuelezwa. Zamani kila kijiji cha milimani kilikuwa na duka la kuuza vibati hivyo, vidogo kama jani, vyenye picha ya mnara au kulungu na jina la mahali. Unatembea mpaka hapo kwa miguu yako, unanunua kimoja, unakipigilia kwenye fimbo. Kupigilia mahali usipofika ni aibu, ni sawa na kuvaa medali ya marehemu. Baba yangu hakusema uongo mwingi, lakini hata ule mchache aliokuwa nao haukugusa fimbo yake.

Vibati vile vilikuwa vikuukuu, vimekwaruzika, rangi imebanduka. Goslar. Altenau. Torfhaus. Schierke. Treseburg. Thale. Njia yetu ya fungate, kijiji kwa kijiji. Na fimbo yenyewe ilikuwa fupi. Eckhard angeishika angetembea kama anatafuta sarafu chini. Ilikuwa fimbo ya mwanamke.

Nikakaa juu ya kreti la bia. Marehemu mkewe hakuwa mtu wa kutembea, picha zake zote amekaa. Kwa hiyo kulikuwa na mwingine. Alikwenda naye njia yote hiyo, wakakaa kwenye benchi nyuma ya kanisa, na sasa ananipitisha mimi mlemle, aniangalie huku akimwona yeye. Niliona uchungu, na niliona haya pia, kwa sababu nilikuwa nimeshanunua viatu vya milimani.

Sikutoa jemu. Nilibeba fimbo ile chini ya koti hadi kwangu, nikapigia simu nyumba ya wageni ya Treseburg kuuliza kama Bwana Eckhard Brinkmann aliwahi kulala pale na mwanamke. Mwenye nyumba alikuwa mcheshi mpaka aliposikia swali.

"Mama, habari za wageni ni siri. Sheria hainiruhusu."

"Sema tu ndiyo au hapana."

"Hata hapana siruhusiwi."

Nikachukua bisibisi. Nikabandua kibati kimoja kimoja, nikavipanga juu ya ramani yake, kila kimoja juu ya kijiji chake. Eckhard alipoingia na suti begani alivikuta hivyo, na fimbo tupu imelala kando.

"Ni nani?" nilimuuliza.

"Ni nani nini?"

"Mwenye fimbo. Na usiniambie hujawahi."

Alitundika suti kwenye mlango. Aliangalia vibati, akaangalia bisibisi, kisha akanitazama mimi, na sijawahi kumwona mtu akizeeka upesi namna ile.

"Siku hizi haviuzwi tena, Traudi," alisema. "Maduka yamefungwa. Nimevitafuta kwenye magulio ya vitu vikuukuu, Jumapili zote hizi. Ukinunua kibati cha mtu, lazima akusimulie alivyokipata. Kuna bibi mmoja aliniuzia cha Treseburg, alinishika nusu saa nzima kwa habari za benchi."

"Na fimbo?"

"Simama."

Nilisimama. Aliichukua fimbo, akaiweka wima kando yangu, na kishikio kikanifika mkononi sawasawa, kama kimeota hapo. Nikakumbuka ile futi ya chuma nyuma yangu siku ya keki. Rafu yenyewe sijaiona mpaka leo. Katika wanawake wote niliowapigia hesabu usiku na mchana, sikujihesabu mimi.

"Lakini mtu hapigilii kabla ya kutembea," nilisema.

"Kanuni naijua. Umri wako wote unafua makoti ya watu waliokwenda kutembea. Nilitaka siku moja ushike fimbo iliyojaa." Alivikusanya vibati, akavifunga kwenye leso yake. "Kumbe wewe mtu mwenyewe unayemtafuta ni Gerold. Umemtafuta mpaka kwenye stoo yangu. Ukimpata, nisalimie."

Alichukua suti yake akatoka. Nilimwita ngazini, hakugeuka.

Ijumaa hakupokea simu. Jumamosi nilivaa gauni langu la kijivu na vile viatu vya milimani, Wiebke akinitazama bila kuthubutu kucheka, nikaenda kwa msajili na fimbo yangu tupu. Ilikuwa na matobo matupu mwili mzima. Tulikaa kwenye korido pamoja na watu wa harusi nyingine. Karani alichungulia mlangoni, akatazama kiti kilicho wazi pembeni yangu, akarudi ndani. Nilijua kama hakuja, nimemfukuza mwenyewe.

Alikuja karibu tunaitwa, anahema, goti linalia kwenye ngazi. Alikaa kando yangu. Mfuko wa kulia wa suti yake mpya ulikuwa umevimba, umelemewa, kitambaa kizuri kinavutika vibaya. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, mkono wa dobi. Niliurudisha kwenye paja, nikaukalia.

Akaona.

"Huniulizi?"

"Sikuulizi."

Karani alisoma majina yetu. Eckhard aliinuka, akanipa mkono kunisaidia kusimama.

"Nyundo," alisema. "Na misumari, na vile vibati. Kule usipigilie hata kimoja mpaka tufike kijiji chake."