Kipimo Kilichosema Sifuri

Mama Bisibisi alikuwa ameshakata shauri kabla hajakifungua hicho kipimo cha umeme. Aliyemchoma kaka yake ni Fundi Taratibu, basi. Kilichobaki ni kumwonyesha kosa lake mbele ya macho yake, kisha amwambie abebe meza yake ahame.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mumewe na kaka yake walikuwa mafundi umeme, wakifanya kazi pamoja tangu yeye hajaolewa. Tena kaka ndiye aliyemleta huyo bwana nyumbani. Wiki iliyopita walikuwa wakibadilisha nyaya kwenye ghala moja. Mume alisema alipima, kipimo kikaonyesha sifuri, akamwambia shemeji yake ashike waya, hakuna umeme. Kumbe umeme upo. Kaka alitupwa chini, mkono wa kulia umeungua mpaka kwenye kiwiko, na daktari hadi leo hasemi kama vidole vitakunja tena. Fundi asiyekunja vidole atakula nini? Hilo ndilo lililomla Mama Bisibisi roho, akawa hali vizuri, halali vizuri.

Mume alishikilia kwamba kifaa kilimdanganya. Na aliyekitengeneza mara ya mwisho ni nani? Ni Fundi Taratibu, mtengeneza vifaa anayechangia chumba cha kazi na Mama Bisibisi, fundi mwenzake; alikitengeneza mwaka jana, wakati Mama Bisibisi yuko nyumbani na mtoto mchanga. Jina la Taratibu alipewa na wateja: ukimpelekea redio leo, jua itakuja kuchukuliwa na mjukuu wako. Mtu mpole, mnene, asiyejua kujitetea. Mama Bisibisi sasa aliuona hata huo upole ni ujanja mtupu. Mtaani nako walishampaka matope. Wateja walipita mbele ya meza yake wakijifanya hamnazo.

Kitu kimoja tu hakikumkaa sawa. Mume hakutaka kifaa kifunguliwe. Alisema kitupwe, kina mkosi. Mama Bisibisi akaona ni uchungu unaomsemesha. Yeye alikuwa amekitoa mwenyewe kwenye mkoba wa mume siku ileile hospitalini, akakifungia kwenye droo yake, na ufunguo alilala nao.

Asubuhi hiyo alimketisha Fundi Taratibu upande wa pili wa meza, mikono juu ya meza, pale anapoiona. Alimwambia asiguse chochote. Fundi Taratibu akaitikia, akafuta jasho. Mbona anatoka jasho na feni inazunguka? Mama Bisibisi aliliweka hilo jasho akilini.

Alianza inavyotakiwa. Alichomoa zile nyaya mbili za kupimia, maana ukifungua kifaa na nyaya zake ziko ndani, siku zikigusa penye umeme unaumia wewe. Akazungusha kitufe hadi kwenye kuzima. Kioo kilikuwa tupu tangu alipokichukua, hakionyeshi hata nukta. Alidhani kimekufa na ule mshtuko. Akatandika karatasi, akachora umbo la kifaa, na kila skrubu aliyoitoa akailaza mahali pake kwenye mchoro. Skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi hutoboa yasiyotobolewa. Ya tatu ikatoka tofauti na wenzake, nyeusi.

Alimtia jicho Fundi Taratibu. Huyo akaeleza, kwa sauti ndogo, kwamba ya asili ilidondoka ikapotea, akatafuta ya urefu uleule. Mama Bisibisi alijisemea moyoni kwamba anayepoteza skrubu hashindwi kupoteza na mengine.

Mfuniko wa nyuma haukutaka kuachia. Hakuulazimisha, alipitisha ukucha pembeni, akazitegua ndoano za plastiki moja moja, hadi ukaachia. Ndani, kwanza betri. Zilikuwa mbili ndogo, zimevuja, zimejaa ukoko mweupe wenye ukijani. Akazing'oa kwa kibano, akaziweka kando, akafuta mikono. Hakuzitilia maanani. Macho yake yalikuwa yameshatangulia kwenye kazi ya Fundi Taratibu.

Alianza na fyuzi, akitegemea kukuta kipande cha waya kimewekwa badala yake, ule uhuni wa kuokoa safari ya dukani. Fyuzi ilikuwa ya kweli, nzima, ya kipimo chake. Akashika ubao kwa pembeni, bila kuugusa katikati, akamulika pale Fundi Taratibu alipotengeneza kitufe. Risasi ya kuunganishia ilikuwa imekaa safi, inang'aa. Akachukua kioo cha kukuzia, akarudia. Akatafuta ufa. Akatafuta waya uliolegea. Alitafuta kwa chuki, na hakuna kitu. Kazi ilikuwa nzuri kuliko yake, na hilo nalo likamuudhi.

Basi akarudi kusafisha mahali pa betri, ili aweke mpya akione kikidanganya kwa macho yake. Alipogusa springi kwa brashi, ikakatika. Ilikuwa imeliwa na kutu hadi shinani, na ukoko umekauka ukawa mgumu wa kukwangua kwa kisu. Huo si uchafu wa wiki moja. Ni wa miezi na miezi.

Mkono ukasimama. Kifaa chenye springi kama hiyo hakiwaki. Hakionyeshi sifuri, hakionyeshi kitu.

Alimtazama Fundi Taratibu, naye alikuwa akiitazama ile springi. Alikuwa ameshaelewa. Mama Bisibisi aliona aibu, kisha akaogopa. Hata hivyo alijikaza kisabuni, akaunganisha springi nyingine, akatia betri mpya, akafunga mfuniko kwanza ndipo akarudisha nyaya na kupima soketi ya ukutani. Kifaa kikasema kweli tupu, umeme kama ulivyo.

Mume akaingia wakati huo, amepitia kumwona mgonjwa. Aliona ile karatasi, uso ukamshuka.

"Siku ile kilionyesha nini?" mkewe akamuuliza.

"Nimeshakwambia. Sifuri."

"Uliiona sifuri yenyewe?"

"Kwa macho yangu haya."

Mama Bisibisi akamsogezea zile betri na springi iliyokatika. Mume alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika kichwa. Alisema alizima swichi, akaamini ndiyo inayokata umeme wa pale. Miaka yote hii anazima tu, haijawahi kumtupa. Kisha akainua macho, akamtazama mkewe, halafu Fundi Taratibu.

"Tuko watatu tu humu," alisema. "Shemeji akijua, hatanitazama tena. Mke wangu, nifichie."

Moyo wa Mama Bisibisi ulimuuma kwelikweli, maana alikuwa akimpenda. Alichukua simu, akampigia kaka yake, akaiweka mezani, sauti ikasikika chumba kizima.

"Dada, huyo shemeji yangu amefika? Mwambie aache kujilaumu, ametoka hapa analia," kaka akasema. "Haya, mmemjua mwenye makosa?"

Mama Bisibisi akaisukuma simu mpaka mbele ya mumewe.

"Shemeji," mume akasema. "Shemeji, sikupima."