Mtoto wa Tatu Hahesabiwi

Niliendesha basi la shule kwa miaka ishirini na nane. Tangu nistaafu, kila Februari najitolea kwenye chumba cha chini cha kanisa letu hapa Harlow Creek, West Virginia, kuwajazia watu fomu za kodi bure. Februari moja Twila Mullins alinijia huko na mtoto mchanga kifuani.

Twila nilimbeba kwenye basi langu tangu darasa la kwanza. Sasa anawaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe alikwenda zake zamani, akamwachia mabinti wawili. Huyu wa tatu, Opal, alizaliwa njiti Machi ya mwaka uliotangulia, hakufika hata kilo moja. Alilazwa Charleston, mwendo wa saa mbili kwa gari, na Twila alikaa naye huko miezi mitano, bila mshahara. Mama yake ndiye aliyebaki na wale wakubwa.

Alikuwa na matumaini mwaka huo. Aliniambia kwamba mara ya mwisho, kwa watoto wawili, alipata dola elfu mbili na ushee za nafuu ya watoto, zile fedha ambazo serikali huwarudishia wazazi kupitia fomu ya kodi, basi kwa watatu angeweza kulipa deni la umeme na kununua tairi. Nikaingiza karatasi zake kwenye kompyuta. Ikatoa dola mia tisa na sabini na tano.

Nikadhani nimekosea. Nikaanza upya, ikatoa zile zile. Nikamfuta Opal kwenye fomu ili nijaribu. Nafuu ile haikubadilika, hata senti.

Ilibidi nimweleze. Sheria inatazama kwanza mshahara, ndipo itazame watoto. Ukipata kidogo, nafuu ya watoto nayo inakuwa kidogo, hata uwe nao kumi. Na yeye alipata kidogo kwa sababu alikuwa ameketi kando ya mtoto aliyekuwa anapumulia mashine.

Twila hakulia. Aliuliza taratibu, "Mzee Hobart, na yule daktari wa meno kule mlimani? Ana watatu pia."

"Anapata yote," nikasema. "Kwa kila mtoto."

"Hata mke wake hafanyi kazi."

"Hata hivyo."

Akamfunika mtoto vizuri, akatia sahihi, akaondoka. Mimi nilibaki nimekaa pale nikiona aibu, kana kwamba sheria ile niliitunga mimi.

Mwezi Aprili mbunge wetu alikuja kuzungumza na wananchi katika ukumbi wa zimamoto. Alisifu familia, akasifu akina mama wa milimani, akasema serikali imeongeza nafuu ya watoto. Watu wakapiga makofi. Twila akasimama nyuma, bado amevaa sare za kazini, Opal begani.

"Mheshimiwa, wewe una watoto wangapi?"

"Watatu, mama. Baraka tupu."

"Na nafuu yao unaipata yote?"

Mbunge akatabasamu, akasema anaipata kama kila mzazi.

"Mimi siipati," Twila akasema. "Huyu hapa hakuniletea hata senti, kwa sababu nilikuwa hospitali namuuguza badala ya kuwaogesha wazee. Nataka unitazame uniambie mwanao kamzidi nini wangu."

Mbunge akaanza kueleza kwamba nafuu ile ni ya kuwatia moyo watu wafanye kazi. Mzee mmoja mchimba makaa aliyekuwa mstari wa mbele akamkatiza. "Huyo binti amemfulia mama yangu mashuka kule nyumba ya wazee miaka sita. Umfundishe nini wewe kuhusu kazi?"

Msaidizi wa mbunge akaandika namba ya simu ya Twila na kuahidi kwamba atapigiwa. Hakupigiwa. Kilichokuja ni kadi yenye picha ya mbunge, mkewe na watoto wao watatu, ikimshukuru Twila kwa kuhudhuria mkutano.

Umeme ulikatwa kwa Twila wiki mbili mwezi Mei, yeye na wanawe wakalala kwangu.

Majira ya baridi yaliyofuata Twila aliniomba nimfundishe kujaza fomu. Sasa anakaa meza ya pili, siku zake za mapumziko. Kila anayekatwa nafuu ya wanawe, Twila anamwandikia papo hapo barua ya kumpelekea mbunge, jina la kila mtoto ndani, mzazi anatia sahihi. Tumeshapeleka mia na kumi na mbili. Jibu hatujapata, na wiki hii ameagiza bahasha nyingine.